Mnunuzi wa gari la wizi asikimbilie neno "sijui"

Ndugu Mhariri,

Mtu akikamatwa na gari alilonunua kwa fedha zake, kisha akaambiwa kuwa ni la wizi, hupewa ushauri wa aina mbili. Ndugu zake humwambia: wewe sema hujui lolote, wenyewe watathibitisha. Kijiweni wanamwambia: rudisha gari, ongea nao, yaishe. Ushauri wote huo unamwumiza mtu asiye na hatia, na unamwumiza mapema, kabla hajaonana na wakili. Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze mashtaka haya yanavyokwenda hapa Tanzania, na ni wapi hasa mnunuzi wa nia njema anaweza kujitetea.

Kosa lenyewe limo katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kwenye kifungu ambacho mahakimu na mawakili wamekizoea kwa miaka mingi kwa namba 311. Kinamtia hatiani mtu aliyepokea mali, au aliyebaki nayo, huku akijua au akiwa na sababu ya kuamini kwamba imeibwa. Kifungo chake kinaweza kufika miaka 10. Kwa hiyo upande wa mashtaka una mambo matatu ya kuthibitisha: kwamba gari liliibwa kweli, kwamba mshtakiwa alilipokea au alikaa nalo, na kwamba alijua au alikuwa na sababu ya kuamini kuwa ni la wizi. Mawili ya kwanza mara nyingi hayana ubishi mkubwa. Kesi iko kwenye la tatu.

Hapo ndipo neno "sijui" linapopungukiwa. Linajibu nusu tu ya kifungu. Hakimu hawezi kuingia moyoni mwa mtu akaona alichokuwa anajua, ndiyo maana sheria ikaongeza maneno "sababu ya kuamini". Anachopima ni yale yaliyokuwa mbele ya macho ya mnunuzi siku ile: bei, muuzaji, karatasi, mahali, saa, hali ya gari. Mtu akisema "sijui" na kunyamaza, maswali hayo yote yanabaki bila jibu, na jibu litatolewa na mpelelezi.

Kuna na kanuni ya pili inayofanya ukimya uwe wa hatari zaidi. Sheria ya Ushahidi inairuhusu mahakama kudhani kwamba mtu aliyekutwa na mali muda mfupi baada ya kuibwa ndiye mwizi, au aliipokea akijua ni ya wizi, isipokuwa ametoa maelezo ya namna alivyoipata. Mahakama ya Rufani imeweka masharti ya kanuni hii na kuyarudia mara nyingi: mali ikutwe kwa mshtakiwa, itambuliwe bila shaka kuwa ni ya mlalamikaji, iwe imeibwa karibuni, na iwe ndiyo hasa inayotajwa kwenye hati ya mashtaka. Likikosekana moja, dhana hiyo haisimami. Neno "karibuni" halina idadi ya siku. Simu hubadilisha mikono kwa saa chache, lakini gari lenye kadi na usajili halizunguki namna hiyo, kwa hiyo muda unaohesabiwa kuwa wa karibuni kwa gari unaweza kuwa mrefu kuliko wa simu.

Jambo ambalo washtakiwa wengi hawaambiwi ni hili: mnunuzi hatakiwi kuthibitisha kwamba maelezo yake ni ya kweli. Mzigo wa kuthibitisha haumhamii. Inatosha maelezo yawe yanaweza kuwa ya kweli kwa akili ya kawaida, na yaache shaka. Lakini lazima yawepo, na yawe yametolewa mapema. Maelezo yanayosikika kwa mara ya kwanza siku ya utetezi, miezi kadhaa baada ya kukamatwa, mahakama huyaona kama yametungwa baadaye.

Kwa hiyo saa za kwanza kituoni zina uzito kuliko watu wanavyodhani. Mshukiwa ana haki ya kunyamaza, na ana haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki kabla ya kuhojiwa. Aitumie haki hiyo ya pili kwanza. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inaweka muda wa msingi wa kumhoji mtu kuwa saa 4 tangu awekwe chini ya ulinzi, na muda huo unaweza kuongezwa kwa utaratibu maalumu. Maelezo ya onyo, yaani yale polisi huandika baada ya kumwonya mshukiwa, yaliyochukuliwa nje ya muda bila nyongeza halali yanaweza kupingwa yasipokelewe mahakamani. Lakini mnunuzi mkweli anahitaji maelezo yake yaingie, tena yakiwa kamili, kwa sababu ndiyo ushahidi wake wa kwanza kwamba hakuficha kitu.

Maelezo kamili ni yapi? Nani aliyeuza, kwa jina alilojitambulisha nalo na namba ya simu aliyotumia. Nani aliyewakutanisha, kama dalali, na anapatikana kijiwe gani. Siku gani gari lilionekana mara ya kwanza, siku gani lililipiwa, wapi, mbele ya nani. Bei iliyotajwa mwanzo, bei iliyokubaliwa, kiasi kilicholipwa kwa mkono na kiasi kilichopita benki au kwenye simu. Fundi gani alilikagua. Karatasi zipi zilikabidhiwa na ziko wapi sasa. Kama hukumbuki tarehe, sema hukumbuki, na useme muamala wa simu utaionyesha. Usikisie, maana tarehe ya kukisia ikipishana na muamala, mwendesha mashtaka ataisoma kama uongo. Soma ulichoandikiwa neno kwa neno kabla ya kutia sahihi. Palipokosewa parekebishwe, na marekebisho yatiwe sahihi. Asiyejua kusoma asomewe.

Gari likichukuliwa, hati ya ukamataji mali ijazwe palepale, isainiwe na aliyekutwa nalo pamoja na mashahidi. Hakikisha imetaja namba ya usajili, namba ya chesisi, namba ya injini, funguo na kila karatasi iliyochukuliwa. Kadi au mkataba ukichukuliwa bila kuandikwa, siku ya kesi unaweza usionekane. Piga nakala za kila kitu mapema, na nakala moja ikae nje ya nyumba unayoishi.

Kuhusu muuzaji, kosa la kawaida ni kumpigia simu kwa hasira: "Umeniuzia gari la wizi!" Akisikia hivyo anatupa laini na kuhama. Namba hiyo apewe mpelelezi kwanza. Laini zetu husajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, hivyo namba inamfikisha mpelelezi kwa mtu fulani, hata kama mtu huyo aliisajili kwa niaba ya mwingine. Ujumbe mfupi na mazungumzo ya WhatsApp yasifutwe, hata yale yanayoonekana kumwaibisha mnunuzi. Mazungumzo ya kupatana bei, picha za gari alizotumiwa, malalamiko kuhusu gia wiki mbili baadaye, vyote vinaonyesha mtu aliyekuwa ananunua gari kama watu wanunuavyo magari. Rekodi za kampuni ya simu haziwekwi milele. Wakili aombe amri ya mahakama ya kuzipata mapema iwezekanavyo.

Sasa karatasi. Aliyeandikwa kwenye kadi ya usajili wa gari huchukuliwa kuwa mmiliki hadi ithibitishwe vingine. Kwa hiyo swali la kwanza la mahakama litakuwa: je, muuzaji ndiye aliyekuwa kwenye kadi? Kama siye, alionyesha nini, hati ya uwakilishi au mkataba wa yeye kununua kwa mwenye kadi? Mkataba wa mauziano uliosainiwa mbele ya wakili, wenye picha na nakala za vitambulisho vya pande zote, una nguvu kwa sababu wakili huyo anaweza kuitwa kuja kueleza alichokiona. Karatasi ya daftari yenye sahihi mbili pia ni ushahidi, ingawa ni dhaifu. Kilicho na nguvu kuliko vyote ni hatua ya kwenda Mamlaka ya Mapato (TRA) kuhamisha umiliki na kulipia ushuru wa stempu wa asilimia 1. Mtu anayejua gari ni la wizi hapeleki namba yake ya chesisi kwa serikali ikaguliwe. Kama uhamisho ulikamilika bila pingamizi, omba TRA taarifa za usajili wa gari tangu lilipoingia. Kama ulianzishwa ukakwama, risiti na fomu zinabaki kuwa ushahidi wa nia.

Mnunuzi ambaye hakuhamisha umiliki kwa miezi mingi atabanwa hapa. Asijaribu kuficha. Watu wengi huchelewesha uhamisho kwa sababu ya gharama tu, na hakimu analijua hilo. Lakini aseme sababu yake halisi, kisha aonyeshe mambo mengine aliyofanya waziwazi: bima aliyokata kwa jina lake, faini za barabarani alizolipa, gereji alikolipeleka mchana kweupe, maegesho ya kazini.

Kadi ya nakala, ile iliyotolewa baada ya mwenyewe kuripoti kupotelewa, ina mtego. Ni halali kabisa, na watu hupotelewa na kadi kila siku. Ila tapeli huitumia pia: kadi halisi iko kwa mkopeshaji au kwa mwenye gari, yeye anatengeneza taarifa ya upotevu na kupata nyingine, au anaghushi kabisa. Mnunuzi aliyepewa kadi ya nakala atafute taarifa ya upotevu aliyoonyeshwa na aseme alifanya nini kuihakiki.

Upande ninaotaka kuukazia zaidi ni bodi ya gari yenyewe, kwa sababu kesi nyingi hujengwa juu ya namba zilizochezewa, na mnunuzi husomewa matokeo ya uchunguzi bila kuelewa maana yake. Magari mengi tunayotumia ni mitumba kutoka Japani. Namba yao ya chesisi ina vipande viwili: herufi na tarakimu za modeli, kisha tarakimu za mfululizo, kwa kawaida 6 au 7. Kwenye Toyota nyingi imegongwa kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria, au chini ya kiti cha mbele, na hurudiwa kwenye kibati kilichofungwa kwa ribiti. Chukua Toyota IST ya zamani. NCP60 ina injini ya 2NZ ya cc 1,300. NCP61 ina 1NZ ya cc 1,500. Kadi ikisema NCP60 na gari lina 1NZ, ama injini ilibadilishwa, ama kadi si ya gari hilo.

Injini kubadilishwa si uhalifu. Injini za mtumba huuzwa mitaa ya Gerezani na Shauri Moyo hapa Dar es Salaam kila siku, na mwenye gari anayebadilisha anapaswa kutoa taarifa ili kadi irekebishwe. Hivyo tofauti ya injini peke yake haimtambulishi mwizi, na utetezi usikubali iwe hivyo. Chesisi ndiyo kitambulisho. Wanaoichezea hufanya moja ya mambo mawili: husaga namba na kugonga nyingine, au hukata kipande cha chuma chenye namba kutoka kwenye gari lililopata ajali na kukichomelea kwenye lililoibwa. Wachunguzi huirudisha namba iliyosagwa kwa tindikali, kwa sababu chuma kilichogongwa hukandamizwa kwa ndani kuliko kina cha herufi zinazoonekana. Ukisaga juu, sehemu iliyokandamizwa chini inabaki, na tindikali huila tofauti na chuma cha pembeni. Namba ya zamani hujitokeza.

Swali la utetezi hapa ni moja: je, mnunuzi wa kawaida, asiye fundi, angeliona hilo? Mshono wa weldi ulio chini ya zulia na juu yake kuna gundi ya kuzibia na rangi ya kiwandani haumhusu mtu aliyekagua gari barabarani kwa dakika 20. Namba iliyogongwa kwa herufi zilizopinda mbele ya macho, iliyozungukwa na alama za grainda, hiyo ni hatari kwa mshtakiwa. Wakili amwulize mtaalamu wa serikali alitumia vifaa gani, aliondoa nini ili aone, na kama angeyaona hayo kwa macho tu. Jibu la "ilibidi nisafishe rangi kwanza" lina thamani kubwa kwa mshtakiwa. Fundi aliyelikagua kabla ya kununua aitwe shahidi, hata kama alikosea, maana kosa la fundi linaonyesha kwamba mnunuzi alitafuta ushauri.

Upungufu wa funguo usipewe uzito usiostahili. Magari mengi ya mtumba huja na ufunguo mmoja tu. Kinachotia shaka ni silinda ya ufunguo iliyovunjwa au waya zilizokatwa chini ya usukani.

Na bei. Kama soko linauza gari la namna ile kwa milioni 12 na mnunuzi alitoa 5, anahitaji sababu iliyo nje ya maneno yake: gari lilikuwa na ajali, gia ilikuwa imekufa, muuzaji alionyesha hati ya kudaiwa. Risiti za matengenezo baada ya kununua hueleza bei ya chini kuliko kiapo chochote. Kwa gari lililonunuliwa milioni 11, wakili akusanye matangazo ya wakati ule ya magari ya aina na mwaka uleule, yawekwe mbele ya mahakama.

Nije kwenye chumba cha mahakama. Dhamana ipo kwa kosa hili, ingawa gari la thamani kubwa linaweza kuleta sharti la kuweka fedha au hati ya mali, kwa hiyo ndugu waanze kutafuta hati mapema. Hati ya mashtaka isomwe kwa makini: namba ya usajili, aina, chesisi, jina la mwenye gari. Ushahidi ukitaja gari lenye namba tofauti na hati haijarekebishwa, hilo ni pengo la kweli. Siku ya hoja za awali mshtakiwa huulizwa mambo asiyobishania. Anaweza kukubali kwamba alikutwa na gari na kwamba alilinunua. Asikubali kwa kauli ya jumla kwamba "gari lilikuwa la wizi", kwani yeye hakuliona likiibwa. Hilo mlalamikaji alithibitishe kwa kadi na kwa chesisi. "IST nyeupe kama yangu" si utambuzi.

Kisha maswali ya dodoso, yaani yale anayoulizwa shahidi wa upande wa pili. Hapa ndipo kesi nyingi za watu wasio na wakili hupotea. Mahakama zetu zimesema mara kwa mara kwamba usipomhoji shahidi juu ya jambo zito, unahesabiwa umelikubali. Mpelelezi akisema mshtakiwa hakutaja muuzaji, mshtakiwa amwulize palepale: "Je, sikukupa namba hii ya simu? Je, ulimpigia? Je, ulimtafuta dalali?" Asisubiri zamu yake ya utetezi. Kielelezo cha maandishi kikitolewa, apewe akione kabla hakijapokelewa, apinge kama ana sababu, na kikipokelewa kisomwe kwa sauti. Asiye na uwezo wa kuweka wakili aombe msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na aombe mapema, kabla mashahidi muhimu hawajapita.

Kabla ya kufika huko kuna njia ambayo haitumiki vya kutosha. Vielelezo vyote, mkataba, miamala, taarifa za TRA na namba ya muuzaji, viwekwe kwenye barua moja kwenda Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, mnunuzi akiomba awe shahidi dhidi ya muuzaji. Mashtaka yakiondolewa, aulize yameondolewa vipi. Kuna uondoaji unaoruhusu ashtakiwe tena kwa jambo lilelile, kwa hiyo asitupe karatasi zake. Akitiwa hatiani na mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, taarifa ya kusudio la kukata rufaa hutakiwa ndani ya siku 10 na rufaa yenyewe ndani ya siku 45.

Neno "kubaki nayo" ndani ya kifungu lisisahaulike. Mtu anaweza kununua kwa moyo safi mwezi Januari, akaonyeshwa mwezi Machi ushahidi kwamba gari ni la wizi, akaamua kuliuza haraka ili asipate hasara. Siku hiyo ndipo anapoingia kwenye kosa. Wakati huohuo, asimkabidhi gari mtu yeyote anayedai ni lake, hata mwenye kadi mkononi. Alipeleke kituoni mwenyewe, akiwa na wakili au ndugu, apewe hati. Kulirudisha kwa siri na kulipa "cha kuyamaliza" huja kusomwa mahakamani kama mtu aliyejua alichokifanya.

Hata akiachiwa huru, gari huenda lisirudi kwake. Kwa Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, mtu hawezi kuuza haki asiyokuwa nayo, na mwizi hana haki yoyote juu ya gari. Wanunuzi wengi hulichanganya hili na utapeli. Mwenye gari akidanganywa, akaliuza mwenyewe kwa tapeli kwa hundi isiyo na fedha, na tapeli akamwuzia mtu wa tatu wa nia njema kabla mwenyewe hajautengua mkataba, huyo wa tatu anaweza kubaki na gari. Aliyekodi gari kwa siku 3 na kulipiga bei hakuwahi kuuziwa chochote. Huo ni wizi, na mnunuzi wake hapati umiliki. Ndiyo maana wakili wa mnunuzi anapaswa kuchimba gari lilitokaje mikononi mwa mwenyewe, hata kama suala hilo halionekani kuwa la jinai.

Fedha zake anazidai kwa muuzaji, kwa kesi ya madai, kwa sababu kila mauzo hubeba sharti kwamba muuzaji ana haki ya kuuza. Ukomo wa madai ya mkataba ni miaka 6. Mkataba ule wenye picha, na ule muamala wa benki, ndivyo vitakavyotumika tena huko.

Wakili wa kujitegemea,
Dar es Salaam